Gari likizimika njiani: Pima umeme kabla ya kununua pampu ya mafuta

Na Mwandishi Wetu, Njombe

GARI dogo la petroli limetoka Makambako saa moja jioni kuelekea Njombe. Mwendo ni wa kilometa 60 hivi tu, lakini giza limeshaingia, upepo unavuma na baridi ya nyanda za juu inauma. Katikati ya safari injini inakohoa mara mbili, nguvu zinakwisha na gari linazimika. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki.

Katika hali ya namna hiyo hukumu hutolewa haraka: "Pampu ya mafuta imekufa." Gari huvutwa hadi gereji, pampu ya zamani hutolewa na nyingine hununuliwa, mara nyingi ikiwa imeshatumika katika gari jingine. Gari huwaka, mwenye gari hulipa na kuondoka kwa furaha. Baada ya wiki mbili au tatu, linazimika tena.

Wamiliki wengi wa magari wamepitia mkasa wa aina hiyo, na baadhi yao wamebadilisha pampu mbili au hata tatu bila kupona. Sababu ni moja. Pampu ya mafuta ni mota ya umeme, na mota ya umeme husimama kwa njia mbili: ama yenyewe imeharibika, ama haikupata umeme wa kutosha. Kubadilisha pampu hutibu njia ya kwanza peke yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha njia hizo mbili kwa vifaa vya bei nafuu, na kwa nini mkato mmoja unaopendwa na baadhi ya mafundi unaweza kuwagharimu abiria maisha yao.

Umeme hupita wapi

Magari mengi madogo yaliyoingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yametumika hayana kabureta. Petroli hupulizwa katika injini kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ili nozeli zifanye kazi, pampu iliyo ndani ya tangi, ambayo katika magari mengi hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma, hulazimika kusukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban baa 2.5 hadi 3.5.

Safari ya umeme wa pampu huanzia kwenye betri. Hupita katika fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 15 au 20, kisha katika rilei, yaani swichi inayofungwa na sumaku ya umeme. Kutoka hapo waya mrefu hupita chini ya zulia hadi nyuma ya gari, huingia katika soketi iliyo juu ya tangi na kuifikia pampu.

Baada ya kuizungusha pampu, umeme hurudi kwa waya wa hasi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayourudisha kwenye betri.

Rilei nayo haijiamulii. Huamriwa na kompyuta ya gari, ambayo hairuhusu pampu kuendelea kufanya kazi mpaka ipate taarifa kwamba injini inazunguka. Taarifa hiyo huletwa na sensa ya krenki, au disitributa katika magari ya zamani. Injini ikisimama, kompyuta hukata umeme wa pampu mara moja. Huo si usumbufu, bali ni ulinzi, kama itakavyoelezwa baadaye.

Kwa hiyo, kati ya betri na pampu kuna vituo sita vinavyoweza kukata umeme: fyuzi, rilei, amri ya kompyuta, waya mrefu, soketi na waya wa hasi. Pampu ni kituo cha saba. Anayebadilisha pampu bila kupima amechagua kituo kimoja kati ya saba kwa kubahatisha.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kubahatisha huko mara nyingine huonekana kufanikiwa. Ili kubadilisha pampu ni lazima fundi achomoe soketi yake na kuichomeka upya. Kitendo hicho peke yake husugua kutu iliyokuwa ndani ya soketi, na umeme hupita tena kwa muda. Sifa hupewa pampu mpya, wakati ugonjwa umebaki palepale ukisubiri kutu irudi.

Anza kwa kusikiliza

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Kwanza hakikisha kwamba mafuta yapo, kwa kuwa geji ya tangi nayo ina waya na huweza kudanganya. Kisha fungua swichi bila kupiga stata, huku mtu mwingine akitega sikio karibu na kiti cha nyuma.

Katika magari mengi pampu husikika ikivuma kwa sekunde mbili hadi tano, kisha hunyamaza. Hata hivyo, si magari yote yafanyayo hivyo. Katika baadhi ya Toyota za miaka ya 1990, pampu haifanyi kazi mpaka stata ipigwe. Mwenye gari la aina hiyo asiposikia mvumo wakati wa kufungua swichi asikate tamaa, bali asikilize tena wakati mwenzake akipiga stata.

Pampu ikisikika, maana yake umeme unafika, ingawa bado haijathibitika kwamba unatosha. Isiposikika kabisa, kazi ya kuvikagua vile vituo saba inaanza.

Wakati huohuo dashibodi itazamwe kwa makini. Taa ya injini inapaswa kuwaka mara tu swichi inapofunguliwa. Isipowaka, na ikiwa balbu yake ni nzima, huenda kompyuta yenyewe haipati umeme, na kosa linaweza kuwa katika fyuzi au rilei kuu ya injini. Pampu hapo ni msindikizaji tu wa tatizo.

Aidha, gari lenye mshale wa mizunguko ya injini hutoa dalili nyingine. Stata inapopigwa, katika magari mengi mshale huo hutikisika kidogo. Ukilala kabisa, sensa ya krenki ishukiwe. Kompyuta isiyojua kwamba injini inazunguka haitoi amri kwa pampu, na mara nyingi hata plagi hazitatoa cheche.

Kukosekana kwa cheche na mafuta kwa pamoja ni dalili muhimu. Pampu iliyokufa haiwezi kuzuia cheche za plagi. Vitu viwili vikikosekana kwa wakati mmoja, kitafutwe chanzo kinachovihudumia vyote viwili.

Fyuzi na rilei

Fyuzi ni rahisi kuifikia, lakini isiangaliwe kwa macho peke yake. Huweza kuwa na ufa usioonekana, au miguu yake ikawa imelegea katika kiti chake. Njia sahihi ni kuipima kwa taa ya majaribio pande zote mbili huku ikiwa mahali pake.

Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, huo ni ujumbe: ama kuna waya uliochubuka na kugusa bodi, ama pampu imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Kuweka waya mnene au karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi ni kuuzima ujumbe huo na kuuacha moto utafute mahali pengine pa kutokea.

Rilei hukaguliwa kwa kuibadilisha na nyingine ya aina ileile iliyopo katika gari hilohilo, kwa mfano ya honi, iwapo namba na mpangilio wa miguu vinafanana. Gari likiwaka, jibu limepatikana bila kununua kitu.

Mlio wa "tak" wa rilei usichukuliwe kuwa uthibitisho wa uzima. Mlio huo huonyesha tu kwamba sumaku inavuta. Ncha zinazopitisha umeme huweza kuwa zimeungua, zikagusana bila kupitisha kitu. Mwenye mita akipima kati ya miguu miwili ya sumaku, rilei nyingi za magari huonyesha omu 50 hadi 120. Ikionyesha kwamba njia imekatika, rilei hiyo itupwe.

Lipo pia tatizo linalotokea na kutoweka kufuatana na joto. Honda nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zilijulikana kwa rilei kuu ambayo lehemu yake ndani hupata nyufa. Gari likiachwa juani hukataa kuwaka, na likipoa huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Gari lolote lenye tabia hiyo likaguliwe rilei na maungio ya lehemu kabla ya pampu.

Baadhi ya magari, yakiwamo ya Land Rover na Ford, yana swichi ya ziada inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa. Shimo kubwa barabarani nalo huweza kuichezesha. Swichi hiyo ina kitufe cha juu kinachobonyezwa ili kuirudisha. Kabla ya kukibonyeza, hakikisha kwamba hakuna mafuta yanayovuja.

Taa ndogo inayosema kweli

Fyuzi na rilei zikiwa nzima, upimaji huhamia kwenye soketi ya pampu. Hapo ndipo wengi hudanganywa na mita.

Mita ya umeme huhitaji umeme kidogo mno ili kusoma. Waya wenye nyuzi 20 ambazo 19 zimekatika bado utaonyesha volti 12 katika mita, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuihudumia. Pampu inapoungwa na kudai ampea tano, uzi huo hushindwa. Fundi aliyetazama mita peke yake atasema umeme upo, kisha ataihukumu pampu isiyo na hatia.

Dawa yake ni balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75, kiasi kinachotosha kuuweka waya kwenye mtihani. Huunganishwa na vipande viwili virefu vya waya ili ikae mbali na tangi. Kazi yote ifanyike nje, mahali penye hewa, tangi likiwa limefungwa, na miunganisho yote ifanywe swichi ikiwa imezimwa ili isitoke cheche karibu na mvuke wa petroli.

Soketi ya pampu huchomolewa, na balbu huungwa kwenye ncha mbili za upande wa gari zinazohusu pampu. Ncha hizo zisichanganywe na za geji ya mafuta, ambazo mara nyingi zipo katika soketi hiyohiyo. Mchoro wa umeme wa gari husika ndio mwongozo. Kisha mtu mwingine hufungua swichi na kupiga stata.

Balbu ikiwaka kwa nguvu, waya, rilei, fyuzi na hasi vyote ni vizima, na sasa pampu inaweza kulaumiwa kwa haki. Ikiwaka kwa unyonge, kuna kizuizi njiani.

Isipowaka, waya wake wa hasi hamishiwa kwenye chuma safi cha bodi na jaribio hurudiwa. Ikiwaka hapo, kosa lipo katika waya wa hasi wa pampu. Ikiendelea kuwa gizani, umeme chanya haufiki, na fundi atarudi nyuma kituo kwa kituo hadi kwenye rilei.

Zoezi hilo huchukua dakika chache na linagharimu balbu moja. Ndilo linalomwezesha mwenye gari kununua pampu kwa uhakika, au kuondoka na fedha zake mfukoni.

Hesabu ya kutu

Kizuizi kidogo huleta madhara makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme pampu inavuta ampea tano na soketi ina kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu. Tano mara nusu ni volti 2.5. Betri ikiwa na volti 12.2, pampu itapata volti 9.7.

Pampu hiyo itazunguka, itasikika ikivuma, lakini haitakuwa na nguvu ya kutosha. Gari litawaka na kutembea vizuri kwenye tambarare, kisha litakohoa kwenye mlima, injini inapodai mafuta mengi zaidi.

Volti 2.5 zilizopotea hazikutoweka bure. Zikizidishwa kwa ampea tano, ni wati 12.5 za joto zinazotokea katika soketi ndogo ya plastiki. Ndiyo maana soketi za pampu huonekana zimebadilika rangi, kukunjamana au kuyeyuka. Pampu mpya ikichomekwa katika soketi ya namna hiyo, nayo itateseka vilevile. Soketi iliyoungua ibadilishwe pamoja na kipande cha waya wake.

Wakati pampu ikifanya kazi, mita sasa huwa na faida. Kati ya chanya ya betri na chanya ya pampu, tofauti isizidi nusu volti. Kati ya hasi ya pampu na hasi ya betri, isizidi volti 0.2. Upande wenye tofauti kubwa zaidi ndio wenye ugonjwa.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika zaidi. Skrubu moja iliyoshika kutu huweza kuifanya pampu nzima ionekane mbovu. Tiba yake ni kuifungua, kupiga msasa hadi chuma king'are, kuikaza na kupaka grisi kidogo juu yake kuzuia unyevu.

Pampu inapostahili lawama

Si kweli kwamba pampu haifi. Ndani yake mna brashi za kaboni zinazolika kadiri inavyozunguka. Dalili mojawapo ni kwamba umeme unafika vizuri lakini pampu imekaa kimya, na tangi likigongwa taratibu kwa mkono au kwa nyundo ya mpira, pampu inaamka. Pampu ya namna hiyo inaaga. Dereva anaweza kufika nayo nyumbani, lakini asianze nayo safari ya Songea.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kuupima umeme unaovutwa. Pampu nyingi za magari madogo huvuta kati ya ampea nne na nane. Inayovuta kupita kiasi inawezekana imekwama au inasukuma dhidi ya filta iliyoziba. Inayovuta kidogo mno ilhali volti zote zinafika, brashi zake huenda zimekwisha, au haina mafuta ya kusukuma.

Kinachoua pampu mapema ni pamoja na mazoea ya kutembea na tangi karibu tupu. Petroli inayoizunguka pampu na kupita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Katika barabara zenye kupanda na kushuka, mafuta machache hukimbilia upande mmoja wa tangi, na pampu huvuta hewa. Robo tangi ni kiwango cha chini cha busara kwa anayesafiri katika milima ya Njombe.

Mafuta machafu nayo yana mchango wake. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kukabiliana na uchakachuaji. Hata hivyo, petroli inayonunuliwa kwenye madumu kando ya barabara haina mtu wa kuithibitisha, na uchafu wake huziba filta, huifanya pampu ivute umeme zaidi na kuipasha moto soketi yake.

Baridi, matope na betri

Mazingira ya ukanda huu yana mambo yake. Njombe ni miongoni mwa miji yenye baridi kali zaidi nchini, hasa kati ya Juni na Agosti. Betri iliyochoka, ambayo pengine ingevumilia joto la Pwani, hushindwa asubuhi ya Njombe.

Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Stata inapopigwa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, stata huzunguka kwa uzito, kompyuta hupoteza mwelekeo na pampu hukosa nguvu. Hapo kosa ni la betri au vichwa vyake vyenye ukungu wa kijani na nyeupe.

Msimu wa mvua huleta tatizo jingine. Matope ya barabara za vijijini na maji ya kuoshea gari kwa mgandamizo mkubwa huingia katika soketi za chini na kuanzisha kutu inayojitokeza miezi kadhaa baadaye. Vumbi la kiangazi hukaa juu ya tangi na kuhifadhi unyevu huo.

Kwa wenye malori na mabasi ya dizeli yanayobeba mbao, viazi na abiria kupitia Makambako, maelezo ya pampu ya umeme ndani ya tangi hayahusu injini nyingi za zamani, kwani pampu zake huendeshwa na injini yenyewe. Hata hivyo, nyingi ya injini hizo zina kifaa cha umeme kinachofungua au kukata dizeli. Kanuni ni ileile: kabla ya kushusha pampu, pima kama umeme unakifikia kifaa hicho.

Hatari ya 'dairekti'

Fundi anayeshindwa kupata chanzo cha tatizo huweza kupendekeza "dairekti", yaani kuvuta waya kutoka kwenye betri au kwenye swichi na kuuunga moja kwa moja kwenye pampu, bila rilei na bila kompyuta. Gari huwaka papo hapo. Mteja hufurahi, na gharama huwa ndogo.

Kilichoondolewa ni ule ulinzi uliotajwa mwanzoni. Katika gari lenye mfumo wake kamili, ajali ikitokea na injini ikazimika, kompyuta huikata pampu. Katika gari lenye "dairekti", injini huzimika lakini pampu huendelea kusukuma petroli kwa mgandamizo uleule.

Bomba la mafuta likiwa limepasuka, petroli hurushwa juu ya injini yenye moto na nyaya zinazotoa cheche, ilhali abiria wamebanwa ndani. Kama waya huo uliungwa bila fyuzi, hata kule kuchubuka kwake chini ya zulia kunatosha kuanzisha moto bila ajali yoyote.

Watanzania hawahitaji kukumbushwa sana kasi ya moto wa petroli. Agosti 10, 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Chanzo cha mkasa huo hakikuwa pampu ya gari dogo, lakini petroli ni ileile.

Kuipa pampu umeme wa moja kwa moja kunakubalika kama kipimo cha sekunde chache, kwa waya wenye fyuzi, fundi akiwa amesimama hapo. Baadhi ya Toyota za zamani zina kisanduku cha vipimo chini ya boneti chenye ncha zilizoandikwa +B na FP kwa ajili ya kazi hiyo. Kipimo kikiisha, waya utolewe. Gari halipaswi kuondoka gereji nao.

Aliyenunua gari lililotumika anaweza kujichunguza mwenyewe. Afungue swichi bila kupiga stata na kusikiliza kwa dakika moja. Katika magari mengi pampu inapaswa kunyamaza baada ya sekunde chache. Ikiendelea kuvuma muda wote, ni vyema fundi umeme aangalie kama kuna waya wa ziada.

Maswali ya kumuuliza fundi

Ufundi wa umeme wa magari ni fani inayojitegemea, na hufundishwa katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (Veta). Fundi hodari wa injini si lazima awe hodari wa nyaya. Mwenye gari naye hahitaji kuwa fundi ili alinde fedha zake. Maswali manne yanamtosha.

La kwanza: umeme uliofika kwenye soketi ya pampu ulikuwa volti ngapi, na ulipimwa ukiwa na mzigo au bila mzigo? La pili: waya wa hasi umekaguliwa? La tatu: soketi ya zamani ina dalili ya kuungua? La nne: je, kuna waya wowote uliovutwa pembeni ya mfumo wa gari?

Fundi aliyepima atajibu maswali hayo bila kusitasita, na huenda akafurahi kuulizwa. Asiyepima atarudia kusema kwamba pampu imekufa.

Kwa dereva aliyekwama gizani kati ya Makambako na Njombe, la kwanza bado ni usalama: gari lisogezwe nje ya barabara, taa za tahadhari ziwashwe, pembetatu iwekwe nyuma kwa umbali wa kutosha, na abiria wasikae upande wa magari yanayopita. Harufu ya petroli ikisikika, swichi izimwe na watu wote washuke. Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Baada ya hapo, akague fyuzi, abadilishane rilei ya pampu na ya honi, kisha asikilize tena. Rilei ikiwa ndiyo yenye kosa, safari itaendelea bila honi, na asubuhi atanunua rilei moja badala ya pampu.